Mbuke Alizikwa kwa Pazia

Watu wa Kiriba wakitaka kumsema Kasmiri Magesa, mpaka leo, hawaanzi na kazi yake ya forodha. Wanaanza na mazishi ya mama mkwe wake. Lakini mkewe, Dafroza, huanza mbali zaidi, kwenye mizani ya pamba kule Bunda, kwa sababu anaamini mumewe aliharibikia pale, kabla hajaota hata ndevu.

Baba yake Kasmiri, mzee Magesa wa Butiama, alikuwa karani wa mizani wakati wa msimu. Mkulima anapandisha gunia lake, Magesa anasoma uzito na kuutamka, mwenzake analipa. Kwa miaka mingi Magesa alikuwa akitamka pungufu. Mwaka mmoja wakulima wa Mugeta wakachukua jiwe, wakalipima kwanza kwenye mizani ya misheni, kisha wakalifukia katikati ya gunia la pamba. Magesa akatamka uzito mdogo kuliko wa lile jiwe peke yake. Walilimwaga gunia mbele yake. Wakamvua shati, wakamchapa kwa fimbo za ng'ombe mbele ya mnada mzima, na mwanawe Kasmiri alikuwa amesimama hapohapo, kashika bakuli la chakula cha mchana cha baba yake.

“Siku hiyo alijiapiza kwamba yeye hatavuliwa shati na mtu,” Dafroza husema. “Msikilize vizuri. Hakuapa kwamba hataumiza watu. Aliapa kwamba hataaibika. Hivyo ni vitu viwili.”

Kasmiri alisoma mpaka akamaliza middle school, akafanya mtihani wa forodha wakati nchi tatu zilikuwa bado chini ya paa moja, akapelekwa Mombasa kufundishwa. Alirudi na kofia yenye ukingo mweusi, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi za kufika magotini. Alikuwa kwenye boti ya doria iliyotia nanga Kiriba siku Dafroza alipomwona kwa mara ya kwanza. Msichana alikuwa akianika dagaa juu ya mwamba na wenzake.

“Afisa,” Dafroza akamwita, “hiyo miguu inakuumaga nini, mpaka umeifunga bandeji?”

Kasmiri hakucheka. Alisimama wima, akaeleza kwa utaratibu kwamba hizo ni soksi, na kwamba soksi ni sehemu ya sare. Wale wasichana walianguka juu ya dagaa kwa kicheko. Dafroza peke yake alinyamaza. Alimpenda kwa ule uzito wake, na kama ungemwambia siku hiyo kwamba uzito huohuo utakuja kumkaba roho, asingekusikia.

Mama yake Dafroza, Mbuke, alikuwa mjane aliyelea watoto wake kwa kubanika samaki na kulima mihogo. Alimpokea mkwe kwa mikono miwili. Kila Kasmiri alipofika ukweni alichaguliwa samaki, ningu mnono kuliko wote, akawekewa kiti kwenye kivuli, akatembezwa na mashemeji zake ufukwe mzima: hapa panaitwa hivi, pale mtumbwi unaweza kuingia katikati ya miamba usionekane, kule upepo ukikupiga unajificha hivi. Walimwonyesha kila kijificho cha rasi yao kama mtu anavyomwonyesha ndugu vyumba vya nyumba yake. Naye alisikiliza, akaweka akilini.

Walikaa Musoma, kwenye nyumba ya serikali kando ya kituo kidogo cha ufukweni ambacho siku hizi hakipo. Watoto wakaja, wa kwanza Wegesa, binti, akafuata Stanislausi, na wengine nyuma yao. Ilikuwa nyumba nzuri. Kulikuwa na redio, vitanda vya springi, na pazia sebuleni, la kijani lenye maua makubwa ya njano, alilolishona Dafroza mwenyewe. Mbuke akija kutembea alipenda kukaa karibu na hilo pazia na kulishikashika. “Mwanangu anaishi ndani ya shamba la maua,” alikuwa akisema.

Halafu Jumuiya ya zile nchi tatu ikavunjika, mpaka ukafungwa, vita ikaja ikapita, na nchi ikabaki mikono mitupu. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, kaunta na majembe. Sukari ilikuwa hadithi. Watu walifua kwa majani ya mpapai, wakala ugali wa unga wa njano wa msaada, na mtu mwenye shati zima alitazamwa kama mwizi. Basi watu wa ziwani wakafanya kama wafanyavyo watu wa ziwani. Walipakia samaki wakavu, wakavuka upande wa Kenya, wakarudi na sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na nguo. Serikali iliita magendo. Kina mama wa Kiriba waliita sabuni.

Hakuna aliyekamata magendo kama Kasmiri. Kila kijificho alikijua, maana alionyeshwa na mashemeji. Wenzake kwenye boti walikuwa wakipokea kipande cha sabuni hapa, kikopo cha mafuta pale, na mtumbwi unapita. Kasmiri hakupokea kitu. Alifunua mpaka kikapu cha bibi kizee kutazama kilicho chini ya samaki. Walimpa jina: Kamata. Watoto wake shuleni wakawa watoto wa Kamata. Dafroza akienda sokoni Mwigobero, wanawake aliokua nao, walioanika naye dagaa, waligeuza migongo na kuanza kupanga upya samaki ambao walikuwa wameshapangwa.

Na hapo hapo, hatua chache kutoka jikoni kwake, ukuta mmoja tu katikati, kulikuwa na stoo ya kituo ya mali iliyokamatwa, imejaa sabuni mpaka darini. Upepo ukivuma kutoka upande ule aliisikia harufu yake. Yeye alikuwa ameinama juu ya beseni, anaponda majani ya mpapai, mtoto wa mwisho ana upele mwili mzima kwa kuogeshwa majani.

“Baba Wegesa, mtoto anajikuna mpaka anatoka damu.”

“Nimeuliza dukani. Wanasema mwezi ujao.”

“Na hii ninayoinusa ni ya mwezi gani?”

“Hiyo si yetu.”

Alijibu hivyo kila mara, kwa sauti ileile ya kueleza habari za soksi. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali, Dafroza asema, pengine wangegombana na kumaliza. Lakini huwezi kugombana na mtu anayekuonea huruma huku amekalia mlango.

Asubuhi moja walileta mzigo wa mfanyabiashara mmoja wa Musoma aitwaye Nassibu, marobota ya bafta, nyeupe, safi. Wakati wa kuyashusha robota moja lilianguka kwenye mawe likapasuka, kitambaa kikamwagika. Dafroza alikuwa akichota maji. Alisogea, akakikunja kile kilichomwagika ili kisichafuke, akaona kwamba pindo lake lilikuwa na uzi mmoja wa buluu uliopita toka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa hajawahi kushika bafta laini namna ile. Kasmiri akakipokea mikononi mwake, akashukuru, akakiingiza stoo, akafunga.

Huo ulikuwa mwaka wa msako mkubwa, ule wa walanguzi na wahujumu uchumi, ambapo hata mtu mwenye debe moja la mafuta hakulala. Ndio mwaka aliofariki Mbuke. Aliugua tumbo siku chache tu. Habari ililetwa na mtu wa baiskeli asubuhi, na ujumbe ulikuwa na sehemu mbili: mama amefariki, na njooni na sanda, huku hakuna.

Dafroza alikwenda kumngojea mumewe mlangoni pa ofisi. Kasmiri aliposikia, alivua kofia, akakaa kwenye ngazi, akalia. Hilo Dafroza hamnyimi. Alilia kweli, machozi ya mtu aliyekuwa akichaguliwa ningu mnono.

“Sanda hakuna,” Dafroza akamwambia. “Nimepita maduka yote. Stoo yako imejaa bafta.”

“Si stoo yangu, Mama Wegesa.”

“Ufunguo uko kiunoni kwako.”

“Ufunguo ni wa serikali.”

“Na kiuno ni cha nani?”

Kasmiri alijifuta uso. Akasema atakwenda kumwomba mkuu wa kituo. Mkuu huyo alikuwa Bwana Apolinary, mtu wa Bunda, mnene, mcheshi, anayejua majina ya watoto wa kila mtumishi wake. Kasmiri aliingia, hakukaa, akatoka.

“Anatupa pole sana. Anasema yale ni vidhibiti vya kesi. Hayaguswi mpaka mkoa uamue.”

“Umemwambia ni mama yangu?”

“Nimemwambia.”

“Umemwambia umesimama, au umepiga magoti?”

Mumewe alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Dafroza hakungoja. Alirudi nyumbani, akatazama mashuka, yote viraka juu ya viraka. Akatazama nguo zake. Kisha akapanda juu ya kiti sebuleni, akalichomoa pazia kwenye kamba yake. Ndicho kitambaa kizima pekee kilichokuwa kimebaki ndani ya nyumba ya afisa forodha.

Kule Kiriba wanawake walikuwa wamemwosha marehemu, wanangoja. Dada yake Dafroza, Lukresia, alipokea furushi, akalifungua, akalikunjua. Yale maua ya njano! Pazia lilikuwa bado na ule mkunjo wa juu mnamopita kamba. Lukresia alichukua sindano, akaushona ule mkunjo ulale, ili mama yao asiingie kaburini kama dirisha. Dafroza alishika upande wa pili wa kitambaa, na hapo ndipo machozi yalipokatika. Mpaka maziko yanakwisha hakulia tena. Kitu kingine kilikuwa kimeingia mahali pa kilio.

Kasmiri alikuja mazikoni akiwa amevaa sare. Wanaomtetea husema hakuwa na nguo nyingine isiyo na kiraka, na ni kweli, hakuwa nayo. Lakini waombolezaji waliokaa chini na matambara yao waliiona ile kaptura nyeupe ikija kutoka mbali, na kila mmoja aliyewahi kuporwa mtumbwi aliitambua. Lukresia alikwenda kumlaki.

“Shemeji, karibu. Umependeza. Sare haina hata kiraka. Mama naye tumempamba, njoo umwone.”

Akamwongoza mpaka kwenye jeneza, lililopigwa kwa mbao za mtumbwi mkongwe. Kasmiri akatazama ndani. Dafroza alikuwa amesimama upande wa pili, akimtazama usoni. Aliona midomo ikitetemeka. Aliona pia mkono ukishuka na kunyoosha kaptura. Hilo la pili ndilo analolikumbuka.

Kaburini, katekista alipomaliza sala, wanaume wakaanza kufukia. Kasmiri akachukua koleo. Kaka mkubwa wa Dafroza akaishika ile koleo mpinini, taratibu tu, akamnyang'anya.

“Acha, shemeji. Udongo huu haujalipiwa ushuru.”

Hakuna aliyecheka. Kasmiri alirudi nyuma, akasimama peke yake mpaka mwisho, na aliondoka bila kuonja chakula cha msiba kwa sababu hakuna aliyemletea.

Dafroza hakurudi naye. Alikaa Kiriba, kwenye nyumba ya mama yake, akavuna mtama ambao Mbuke alikuwa ameupanda. Kasmiri alituma watu, akaja mwenyewe, akakaa nje juu ya jiwe bila kukaribishwa kiti. Alirudi Musoma mikono mitupu. Kilichomrudisha Dafroza ni watoto. Alisikia Wegesa ameacha kwenda shule ili awapikie wadogo zake. Aliingia nyumbani na mzigo wake kichwani, akasema, “Nimekuja kwa ajili ya hawa,” na dirisha la sebule akaliacha wazi vile lilivyo, jua limwagike ndani, ili kila anayeketi pale akunje uso.

Haikupita muda Bwana Apolinary akamwoza binti yake huko kwao Bunda. Watumishi wote na wake zao walialikwa, na mwaliko wa mkuu si mwaliko, ni amri yenye soda. Dafroza hakutaka kwenda. Kasmiri alisihi: wasipoonekana itasemwa. Akaenda.

Ukumbi ulikuwa wa shule. Walipoingia, Dafroza alidhani macho yanamdanganya. Katika nchi ambayo watu walizikana kwa mapazia, meza zote zilikuwa zimefunikwa nyeupe mpaka sakafuni. Wasimamizi wa bi harusi, wasichana msururu, walivaa magauni meupe ya marinda. Juu, toka ukuta hadi ukuta, vilining'inia vitambaa vyeupe vilivyosokotwa kama kamba za mawingu. Wageni walikuwa wakisifu. Dafroza alikaa, akalishika pindo la kitambaa cha meza lililokuwa magotini pake, akaligeuza. Uzi wa buluu. Toka mwanzo hadi mwisho.

“Baba Wegesa,” akasema polepole. “Tazama hapa.”

Kasmiri akatazama. Chupa yake ya soda ikasimama njiani kuelekea mdomoni. Dafroza aliona kabisa kwamba ametambua, kwamba ameelewa, na akamngoja. Anasema angemsamehe vyote. Angesimama tu pale, au hata angeondoka, angesamehewa sabuni, pazia, kila kitu, hapo hapo.

“Tulia,” Kasmiri akanong'ona. “Tutaongea nyumbani.”

Dafroza alisimama. Alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyekulia kukokota nyavu. Chupa, sahani, pilau, nyama, maua, vyote vilikwenda chini kwa kishindo. Muziki ukazimwa.

“Hii ni sanda ya mama yangu!” alipiga kelele. “Mkuu, ulisema ni kidhibiti. Ulisema haiguswi! Mama yangu amelala Kiriba ndani ya pazia la dirisha, na ninyi mnafutia mchuzi sanda yake! Si ndiyo? Mbona mnanyamaza? Futeni!”

Bwana Apolinary alikuwa amesimama meza kuu, tabasamu limemgandia usoni. Mkewe ndiye aliyepata sauti. “Mtoeni. Mama wa watu amelewa.” Wanaume wawili wakamshika Dafroza mikono. Alipofika mlangoni aligeuka kumtafuta mumewe, na picha aliyoiona ndiyo aliyoishi nayo. Kasmiri alikuwa amechuchumaa, anaokota vigae vya sahani, anaomba radhi.

Kasmiri alimkuta mkewe stendi, amekaa kwenye jiwe, kitambaa cha meza bado kimejiviringisha mkononi mwake.

“Umemaliza kuokota?”

“Yule ni mkuu wangu, Mama Wegesa. Nilidhani yale marobota yamepelekwa mkoani.”

“Ulidhani! Wewe unayefunua kikapu cha bibi kizee uone chini ya samaki, hapo kwa mkuu ndipo ukadhani? Kwa mama yangu ulikuwa na uhakika, kwa Apolinary ulikuwa na dhana!”

Kasmiri alimwomba akitupe kile kitambaa, kitawaletea kesi. Dafroza akamtupia usoni.

Adhabu haikuchelewa. Kasmiri aliondolewa ziwani, akapelekwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Kiabakari, kukaa juani na kufungua milango ya malori. Nyumba ya serikali wakaiacha. Walihamia vyumba vya kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, unga ukaingia mpaka ndani ya vyandarua. Hata hapo kizuizini hakupokea kitu cha mtu. Madereva wakamcheka.

Muda si mrefu serikali ikafungua mlango. Ikasemwa mwenye fedha zake nje alete bidhaa, hataulizwa. Kisha ikaja enzi ya ruksa yenyewe, na maduka yakajaa kama ndoto. Siku ya kwanza Dafroza alipoona sabuni imepangwa barazani, miche kwa miche, wazi, mchana, hakuna anayekimbia, wenzake walipiga vigelegele. Yeye hakupiga.

“Kwa hiyo haikuwa dhambi?” alimuuliza mumewe jioni ile. “Sabuni ni ileile, ziwa ni lilelile. Wale uliowafunga walifungwa kwa nini?”

“Sheria imebadilika.”

“Basi mwambie na mama abadilike, atoke huko aliko.”

Ndipo alipoamua kufanya biashara, na kusema kweli aliianza kwa hasira. Alikwenda Musoma, dukani kwa Nassibu, yuleyule wa marobota. Nassibu alikuwa ametoka mahabusu akiwa amekonda na meno mawili pungufu, sasa ana duka la vitenge lenye mlango wa chuma. Dafroza alijitambulisha bila kuficha. Alitarajia kufukuzwa.

Nassibu alimsogezea kigoda. “Nakujua, mama. Habari ya lile pazia tuliipata hata sisi tuliokuwa ndani. Watu wa Kiriba walifungwa na sisi.” Akatikisa kichwa. “Laiti ungekuja kwangu. Siku mama yako anafariki mzigo ulikuwa umeshikwa, mimi nilikuwa sijakamatwa. Nilikuwa na robota zima limebaki, nimelificha chini ya kitanda cha mke wangu.”

“Likaenda wapi?”

“Msako ulipokaribia, wiki ileile, niliogopa. Nililifunga mawe nikalizamisha ziwani. Si mimi tu. Ziwa lile lilikula nguo mwaka huo kuliko samaki.”

Dafroza aliwaza bafta ile nyeupe ikilala kwenye tope, kamongo wakiipitia juu, wiki ileile Lukresia anashona mkunjo wa pazia. Wenye nguo walizizamisha, wenye amri waliziiba, na yule aliyeshika ufunguo kiunoni alikuwa mwaminifu. Alitaka kumchukia Nassibu naye, akashindwa. Mtu yule alikuwa na hasira kama yake, ila yeye alijua kuizungumza taratibu. Alimchagulia vitenge vya kuanzia, akamfundisha kukagua mitumba kwa kuipitisha kwenye mwanga.

Biashara ilishika. Alikuwa na meza Kiabakari, na siku za mnada alikwenda Bunda. Watoto walisoma kwa meza ile. Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, na mtu aliyekamata kuliko wote akawa wa kwanza kupunguzwa, kwa sababu hakuwa na wa kumsemea. Kasmiri alivua sare, akaanza kumsaidia mkewe kubeba marobota kwa baiskeli. Mezani hakufaa. Mteja akishika shati, Kasmiri anamwambia, “Hiyo ina tundu kwapani.”

“Aliyekuuliza nani?” Dafroza alifoka. “Sasa ndiyo unafunua? Wakati wa kufunua uliokota vigae!”

Akamfukuza mezani, akampeleka Butiama kwenye shamba la baba yake, akalime. Alilima vizuri. Siku za mnada tu ndizo alizokuja kubeba mizigo, akakaa pembeni bila kusema.

Ikawa siku kama hiyo, Kiabakari, wakati wa kampeni za vyama vingi. Gari lenye vipaza sauti likasimama sokoni, akashuka mgombea udiwani, mnene zaidi, mvi zimemkaa vizuri. Alikuwa Apolinary. Alistaafu kwa heshima, akajenga Kiabakari, akanunua magari ya kubebea sangara kwenda viwandani, sasa alitaka kuongoza watu. Alipita meza kwa meza akishika mikono. Kwa Dafroza alipita haraka. Kwa Kasmiri alisimama, akamkumbatia begani, akawageukia watu.

“Huyu mnamwona? Tulitumikia naye. Sisi watumishi wa zamani tulijitoa. Hatukuiba hata sindano ya umma, sisi!”

Kasmiri aliutoa ule mkono begani kwake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

“Sisi nani?” akasema. Halafu kwa sauti ambayo Dafroza, katika maisha yote ya ndoa, hakuwahi kuisikia: “Wewe ni mwizi, Apolinary! Uliiba sanda ya maiti ukamvisha mwanao! Mwizi! Watu wote sikieni, huyu ni mwizi, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango!”

Vijana wa kampeni walimrukia. Walimpiga ngumi na mateke, akaanguka kati ya mashati. Dafroza alinyakua ubao wake wa kupimia vitenge akawatandika migongoni bila kuchagua, mpaka wenye meza za jirani wakaja kuamua. Gari likaondoka na muziki wake.

Alimkokota mumewe mpaka nyuma ya meza, akamfuta damu. Jicho moja lilikuwa limefumba. Watu walimpongeza, wakamwita mwanamume. Walipobaki wawili, Dafroza alimuuliza, “Kwa nini leo?”

“Amesema ‘sisi’,” Kasmiri alijibu, akihema. “Amenihesabu naye.”

Dafroza aliacha kumfuta. “Kwa hiyo hilo ndilo lililokuuma. Siyo mama. Nilikungoja Bunda, mbele ya meza zile. Nilikungoja kaburini. Umekuja kusema ulipoguswa wewe.”

Akampa kitambaa cha kujikandia, akamwambia asimame, mzigo hautajibeba.

Apolinary alishinda. Jambo la kwanza alilofanya ni kuhamisha soko, na meza ya Dafroza ikakosa nafasi. Akahamia Bunda moja kwa moja, na mpaka leo anauza huko. Kasmiri yuko Butiama, jicho lile halikupona sawasawa. Jumamosi Dafroza hurudi, humpikia, wanakula sahani moja, maana hawajawahi kuachana na hawataachana sasa. Mwaka juzi paroko alifika nyumbani hapo na wageni, akamtaja Kasmiri kuwa mfano kwa vijana: mtumishi wa umma aliyekaa juu ya mali nyingi na kutoka maskini, mtu mwaminifu. Wageni wakapiga makofi. Kasmiri akainamisha kichwa.

“Mwaminifu kwa nani, padri?” Dafroza akauliza kutoka jikoni.

Paroko akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaomba maji ya kunywa.